Nyumba ya baba Kibera inaanguka: niidai, niitengeneze au niiache?

SWALI

Mshauri, asalam aleikum.

Mimi ni Mnubi, wa kizazi cha wale askari wa Kisudani, mkazi wa Bombo, mama wa watu na bibi wa wajukuu. Nilizaliwa mwaka 1948, si hapa Uganda bali Kibera, Nairobi. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni, na baba akamfuata humo humo; vita vya pili vya dunia vilimfikisha baba hadi Burma. Wazee wetu wale walipomaliza utumishi hawakupewa pensheni. Walionyeshwa msitu wa Kibera, wakaambiwa wakae. Ndiyo maana sisi tuko pande zote mbili za mpaka, na hakuna harusi wala msiba wa Bombo usiokuwa na mtu wa Kibera.

Nyumba yetu ilikuwa Makina, mtaa wa humo Kibera, si mbali na msikiti. Kuta za fito na udongo zilizopakwa chokaa, mabati juu, na mbele baraza pana ambapo baba na wenzake waliketi baada ya alasiri wakisimulia Burma kwa mara ya mia. Nyuma kulikuwa na mpera, mwembe, banda la ng'ombe, na shamba la mahindi lililoteremka mpaka mtoni. Haboba, yaani bibi yetu, alitufundisha kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula, chini ya ule mpera. Kukiwa na harusi, doluka, ngoma yetu, ilipigwa mpaka alfajiri. Watu wa leo hawaniamini nikiwaambia Kibera ilikuwa kijani kitupu. Mwingereza alitutawala, ndiyo, lakini kulikuwa na utaratibu na heshima. Hata 1954, askari walipoizingira Nairobi wakiwasaka Mau Mau na kuwasomba watu kwa malori, kwetu walitazama pasi ya baba, wakampigia saluti, wakaenda zao.

Niliolewa Bombo mwaka 1966. Amin alipoanguka 1979, Mnubi alikuwa halali ya kila mwenye hasira. Nyumba yetu hapa iliporwa hadi milango. Mume wangu alielekea kaskazini na wenzake, mimi nikapita Busia na watoto, nikabisha hodi kwa mama usiku. Wanangu wakalala chumba kile kile nilicholala mimi utotoni. Baadaye mume wangu alirudi, tukaanza upya Bombo. Lakini tangu hapo, kila nchi ikitikisika, moyo wangu huniambia: Makina ipo.

Baba alifariki, kisha mama. Nyumba ikabaki mikononi mwa kaka yetu wa pekee. Hatukugawana, nani angethubutu kumtajia kaka habari za mafungu? Kaka naye amekwenda. Wifi yangu akashindwa na maisha ya pale peke yake, akahamia Kibos, kule Kisumu, kwa binti yake, akamwachia msimamizi akusanye kodi.

Mwaka jana nilikwenda Nairobi kwenye harusi, nikamwomba mtoto wa kaka anipeleke nyumbani. Nilifika nikamuuliza nyumba iko wapi, kumbe nimesimama mbele yake. Baraza limezibwa kwa mabati, limekuwa duka la mkaa. Vyumba vyetu vimekatwakatwa kwa plaiwudi, kila kipande na mpangaji wake. Paa limeliwa na kutu, na lilipotoboka wametandaza turubai na kulilaza kwa mawe. Ukuta wa chumba cha mama umevimba kwa maji, umeegemezwa gogo. Mfereji wa maji machafu unapita palipokuwa banda la ng'ombe. Mpera umebaki kisiki, na mtoto amekikalia anakula muhogo. Kijana mmoja, fundi cherehani, alitoka akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, unatafuta chumba?" Nilishindwa kumjibu.

Tangu nirudi sina usingizi. Mwanangu mkubwa anasema dai haki yako, tubomoe, tujenge ghorofa tatu za kupangisha. Binti yangu anataka tuitengeneze iwe kama zamani, nyumba ya ukoo. Mtoto wa kaka ananiambia, "Shangazi, tafadhali usiamshe hayo, kodi ile ndiyo dawa ya mama ya presha." Wifi mwenyewe sijamwambia neno, hajui hata kwamba nilifika pale.

Halafu yupo dada yangu mkubwa, ninayeishi naye hapa. Macho yamemwishia. Kila jioni huniuliza: chokaa wamepaka lini? Mpera unazaa? Mimi humwambia tutazungumza kesho, na hiyo kesho imenichosha.

Nifanye nini? Na nani aliyeiacha nyumba ya baba yangu ikafika pale?

Shangazi, Bombo

JIBU

Waaleikum salaam, na shikamoo mama yangu.

Umeuliza mambo mawili. Naanza na la pili, kwa kuwa nahisi ndilo linalokuamsha usiku, na ukilijibu, hilo la kwanza nalo hubadilika sura.

Barua yako haimlaumu wifi waziwazi, ila lawama inamzungukazunguka. Kabla haijatua, hebu tuitazame nyumba yenyewe. Kwa nini mtu aliyefika Burma akarudi salama, mwenye ng'ombe na shamba, alijenga kwa fito na udongo? Mawe ya kujengea Nairobi hayajapata kuwa haba. Ni kwamba Wanubi wa Kibera hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu. Serikali ya kikoloni iliwaweka pale bila kuwapa hati, na tume ya ardhi ya miaka ya 1930, ile iliyoongozwa na Carter, ikawahesabu kuwa wapangaji wa Mfalme, watu wa kukaa kwa hiari ya serikali. Ukuta wa udongo hudumu kwa mkono unaoukandika upya kila baada ya mvua. Kwenu mkono huo ulikuwa wa mama, wa haboba, labda wako pia. Mikono ilipopungua, ukuta ukafanya ulichojengwa kufanya. Aliyeamua kwamba nyumba ya baba yako isidumu alikaa ofisini kabla wifi hajazaliwa.

Kwa hiyo nitakuuliza taratibu juu ya ule utaratibu na ile heshima. Mimi sina shaka kwamba uliviona. Mtoto aliyelelewa na haboba na kurudiwa na majirani ameona heshima ya kweli, ila mliipika wenyewe jikoni kwenu, mkoloni hakuileta. Saluti ya 1954 ilikuwa ya utumishi wa baba. Katika msako ule ule, maelfu ya watu wa Nairobi, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kizuizini, na wengi wao nao walikuwa na watoto waliowasubiri jioni. Sisemi haya nikunyang'anye utoto wako. Ni wako na ulikuwa mzuri. Hofu yangu ni kwamba picha ile ikikaa ukutani bila doa hata moja, kila aliye hai leo ataonekana mharibifu mbele yake: wifi, msimamizi, hata yule kijana wa cherehani.

Na waliobaki kule hawakukaa bure, mama. Wanubi wa Kenya wamehangaika miaka na miaka hata kupata kitambulisho tu, wakihojiwa mbele ya kamati kama wageni katika nchi waliyozaliwa. Shauri la watoto wa Kinubi lilifika hadi kwenye kamati ya Afrika ya haki za mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya imewakosea. Sijui kaka yako alipitia yapi katika hayo. Ila mtu anayehangaikia karatasi ya kuthibitisha kwamba yupo, chokaa hukaa chini kabisa ya orodha yake.

Unauliza nani aliyeiacha nyumba. Ninavyosoma, imejaa watu. Kwa mtoto wa kwenye kisiki, pale ndipo kwao, na huenda siku moja naye atapakumbuka kwa uzuri tusioweza kuuona sisi. Fundi alikuuliza kama unatafuta chumba kwa sababu chumba ndicho watu hutafuta pale. Najua swali lilikuchoma. Lakini lilikuwa swali la ukarimu.

Kuna sentensi yako moja nimerudi kuisoma: "Makina ipo." Nadhani hapo ndipo uzito ulipo. Mwaka 1979 nyumba ile iliwaokoa wewe na wanao. Wewe ulikwenda kutazama utoto, lakini pia ulikwenda, pengine bila kujijua, kukagua kama mlango wa dharura bado unafunguka. Ukakuta umezibwa kwa mabati. Basi jiulize: unachokililia ni nyumba, au ni ile hakika ya kuwa na pa kukimbilia? Katiba yetu ya Uganda ya 1995 imewataja Wanubi miongoni mwa jamii za nchi hii. Hilo ni jambo kubwa, ingawa najua kwamba karatasi haimtoi mtu hofu aliyoishi nayo tangu mlango wake uondoke na waporaji. Hofu hiyo inastahili kuzungumzwa na wanao kwa jina lake. Ikijificha ndani ya mazungumzo ya mabati na kodi, itawapoteza wote.

Sasa mali yenyewe. Mimi si wakili, na utahitaji mmoja wa Kenya, ila kuna mambo ya kujua kabla hata ya kumlipa nauli. Ninyi watu wa wilaya ya Luweero, iliyo na Bombo, mnakijua kibanja: nyumba na migomba ni yako, ardhi ina mwenyewe. Kibera haiko mbali na hapo. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwakabidhi Wanubi hati moja ya pamoja ya ekari 288 kupitia wadhamini, ilhali eneo walilotengewa wazee wakati wa mkoloni lilizidi ekari 4,000. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza fungu lako ni kiasi gani, ulizeni kwanza kama nyumba imo ndani ya ekari hizo au imo nje. Ikiwa ndani, ardhi ni ya jumuiya, si ya mtu mmoja kuiuza. Ikiwa nje, huenda mlichorithi ni jengo tu, na majengo ya Kibera huvunjwa. 2018 maelfu ya watu walibomolewa kupisha barabara. Tena, kama wewe na wanao ni raia wa Uganda tu, Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Mwanao ana ghorofa tatu kichwani. Mwulize atazisimamisha juu ya karatasi ipi, na kwa jina la nani.

Upande wa mirathi, kama wazazi waliacha mwana mmoja na mabinti wawili tu bila mrithi mwingine, faraidh, sheria ya mirathi ya Kiislamu, inaishia hivi: nusu ya kaka, robo yako, robo ya dada. Nusu ya kaka sasa ni ya wanawe, na mjane wake ana thumuni, sehemu moja ya nane, ndani yake. Thumuni ya nusu! Yaani mwanamke anayeishi kwa kodi ya nyumba nzima, kwenye karatasi ana sehemu moja katika 16. Mahakama ya Kadhi ya Kenya ina uwezo wa kuwagawia, ikiwa wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele yake. Haki mtaipata, na siku hiyo hiyo wifi atakosa hela ya dawa. Mtoto wa kaka alipokuomba usiamshe hayo, nadhani hesabu hii alikwisha kuipiga. Wewe ni shangazi yake. Hakukukatalia haki, alikuomba huruma, na aliyeombwa huruma ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko mdai.

Binti yako anataka iwe kama zamani. Namwelewa, na ombi lake ndilo lenye mapenzi kuliko yote. Lakini nani atakaa humo? Nani atakandika? Na kabla ya kuirudisha zamani, mtawaondoa wangapi? Nyumba ya ukoo isiyokuwa na mtu ndani yake huharibika haraka kuliko hii yenye wapangaji.

Kuiacha kabisa nako kuna gharama zake. Ukinyamaza, wanao hawatanyamaza. Siku Mungu atakapokuita, wataanza upya na watoto wa kaka, na pande zote mbili zitakuwa zimepoteza mtu aliyekula sahani moja na wazee wa nyumba ile. Kama moyo wako utakuelekeza kusamehe fungu lako, afadhali ulitamke ukiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, ili usamehevu wako usigeuke kesi ya wajukuu.

Kuna njia ya katikati inayonijia, uipime mwenyewe. Wewe na dada mnaweza kusema kwamba hamdai kodi ya robo zenu, ila sehemu ya fedha hiyo iende kwenye paa na mfereji. Hatari zake ni mbili. Msimamizi anaweza kuila. Na kwa watu wa kaka, anayetoa fedha za mabati leo anaweza kuonekana anajiandalia madai ya kesho. Hapo itabidi neno lako liwe wazi tangu mwanzo, na anayeshika fedha awe mtu wa kwao, si wa kwako.

Jambo moja tu silioni likingoja mazungumzo: ule ukuta ulioegemezwa gogo. Ndani yake analala mtu. Mvua za masika hazitasubiri ninyi kukubaliana, na ukuta wa udongo uliovimba hauanguki kwa taarifa. Hilo unaweza kumwambia mtoto wa kaka leo kwa simu, bila kugusa mirathi wala lawama, kama mtu aliyeona hatari na kuitaja. Mpangaji ahamishiwe chumba kingine au ukuta ushushwe.

Halafu dada. Nimemweka nyuma, lakini simwoni kuwa mdogo katika habari hii. Unamkinga kwa upendo, na huenda unamfahamu kiasi cha kujua nini kitamvunja, mimi simjui. Ila umeona jina lake limejitokeza wapi? Ana robo sawa na yako. Chochote mtakachoamua kuhusu nyumba ile, mtakuwa mmemwamulia na yeye. Tena nashangaa kidogo kuhusu hayo maswali yake ya kila jioni. Mtu mzima aliyepita 1979, anayesikia sauti ya mdogo wake ikisitasita kila inapofika kwenye mpera, unadhani hajahisi kitu? Huenda anauliza kwa sababu anajua, na anangoja mwenzake wa kulia naye. Au huenda sivyo, na anataka tu kubaki na mpera wake unaozaa. Unaweza kumwuliza hivyo hivyo: dada, nikueleze nilivyoona, au tukumbuke ilivyokuwa? Atachagua mwenyewe. Macho yamekwisha, akili ni yake.

Kuhusu wifi, ningetamani asikie habari za safari yako kutoka kinywani mwako kabla hajazisikia kwa msimamizi au kwa fundi, maana Makina mgeni hapiti bila kusemwa. Yeye pia aliingia nyumba ile akiwa bi harusi, akawauguza wazee wako humo, akamzika mumewe akitokea humo. Ana kumbukumbu zake za mpera, na pengine anajua ulikatwa lini na kwa nini. Simu inaweza kutosha, ila mambo haya hukaa vizuri zaidi mkeka mmoja. Kibos si mbali ukishavuka Busia, na kitambulisho chako cha taifa kinatosha kuvukia, huhitaji pasipoti. Mpelekee gurbaba, vazi letu la kike, nzuri ya Bombo, na safari hiyo ya kwanza nenda na binti yako. Kijana wa ghorofa tatu abaki nyumbani kwanza.